Sikudhani na Kivuli cha Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa bonde na chemchemi yake, zimwi na chungu chake, mama na mwanawe. Ya zimwi mtayasikia, ya mama mtayashika.

Haya, sogeeni, maana leo sirudii. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, asije akaniuliza kesho zimwi lilikwenda wapi.

Hapo kale, huko milimani, palikuwa na bonde lenye chemchemi isiyokauka. Watu wake walilima mtama. Si kwamba hawakuona mimea mingine, walikuwa na macho kama ninyi. Ila walikuwa na desturi yao: shamba hupandwa mbegu ya baba. Baba alipanda mtama, nawe panda mtama. Babu alipanda mtama, nawe panda mtama. Ukipanda kitu kingine watu wanakutazama kama mtu aliyekwenda msibani akacheka.

Basi siku moja zimwi likaja.

Zimwi hili halikuwa la kukimbiza watu na rungu. Lilikuwa vivu. Lilikuwa na kivuli cha kuvua na kukunja, kama jamvi. Na ukubwa wake wote ulikuwa humo: kivuli kikiwa kizima nalo ni kubwa, kivuli kikipata kasoro nalo linasinyaa. Likapanda kilimani, likakivua kivuli chake begani, likakikunjua, likakitandaza juu ya bonde zima. Pembe nne likazibana kwa majabali manne. Kisha likajilaza kilimani likangoja.

Jua likakoma bondeni. Nguo ukianika leo, keshokutwa bado mbichi. Unga ukaota ukungu ndani ya kapu. Mtama ukaoza ungali umesimama. Wiki haikwisha, watu wakafunga mizigo wakahamia ukingoni juu, kwenye jua.

Bondeni akabaki mama mmoja na mwanawe. Mama aliitwa Sikudhani, mjane, msuka mikeka. Mtoto aliitwa Mboni, na ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Wenzao walipohama, Mboni alikuwa na homa kali, hachukuliki. Alipopata nafuu, mama akafunga mzigo, akamweka mtoto mgongoni, akafungua mlango. Mlangoni kuna zimwi limekaa, na chungu kikubwa kimepakatwa.

"Unakwenda wapi, mama?" zimwi likauliza.

"Nakwenda kwa wenzangu."

"Moshi wa jiko lako nimekwisha kuunusa. Popote utakapokwenda nitakuja kwa harufu. Rudi ndani tuzungumze."

Sikudhani akarudi ndani. Angefanyaje?

"Mimi silimi," likasema zimwi. "Wewe utalima, mimi nitakula. Kila mavuno nitakuja na chungu changu hiki. Jaza chungu, Sikudhani. Kisipojaa, nitajua cha kukijazia."

Likamtazama Mboni pale mgongoni, likaondoka zake kilimani.

Basi Sikudhani akalima. Akatoa mbegu ya baba, akapanda mtama. Ukaota mwembamba, wa njano, ukasimama kama mgonjwa anayeegemea ukuta. Siku ya mavuno akapata konzi mbili, nazo zina ukungu.

Zimwi likashuka, likachungulia chungu.

"Hakijajaa," likasema.

Likawachukua mbuzi wawili wa Sikudhani, likawatumbukiza chunguni na pembe zao, likaenda zake.

Sasa, Sikudhani alikuwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akiitwa Shemdoe. Huyu Shemdoe alihamia ukingoni na wenzake, na hakushuka bondeni hata mara moja, lakini kwa kutoa ushauri hakuwa na mpinzani. Akasimama juu kule kwenye jua, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti.

"Shemeji, umepanda nini?"

"Mtama, shemeji."

"Mbegu ya baba?"

"Mbegu ya baba."

"Basi umepanda kwa haraka. Mbegu ya baba inataka heshima. Panda tena, pole pole."

Na Sikudhani, maskini, akamsikiliza. Akaona kweli, kosa ni langu. Akalima mara ya pili, akainua matuta, akapalilia mara tatu, akaipanda mbegu ya baba moja moja kana kwamba anaweka mayai chini ya kuku. Mtama ukaota mwembamba, wa njano, ukaoza. Siku ya mavuno akapata konzi moja.

Zimwi likashuka, likachungulia chungu.

"Hakijajaa," likasema.

Likamchukua ng'ombe, ng'ombe pekee aliyeachwa na marehemu. Lakini safari hii halikuondoka upesi. Likachuchumaa, likamshika Mboni mkono, likauminya kama mtu anayechagua parachichi.

"Mbuzi hawapo, ng'ombe hayupo," likasema. "Mpe mtoto maziwa. Jaza chungu, Sikudhani. Kisipojaa, nitajua cha kukijazia."

Siku ile Sikudhani alilia mpaka macho yakamvimba. Hakuna kilichobaki nyumbani cha kuchukuliwa ila mtoto, na kila mtu angejua hivyo, hata asiyejua kuhesabu.

Shemdoe akaita kutoka juu, "Shemeji, hebu jaribu kupanda ukiwa umetazama mashariki."

Sikudhani akaingia ndani akafunga mlango.

Asubuhi yake akaenda chemchemini kuchota maji, Mboni akimfuata kwa nyuma. Mvua ikaanguka. Mama akachuma jani moja kubwa lililoota pale kando ya maji, akamfunika nalo mtoto, na jani likamfunika mzima, kichwa mpaka magoti. Hapo ndipo Sikudhani alipoliangalia lile jani.

Lilikuwa pana kama ungo. Lilikuwa la kijani kilichoiva, nene, maji yakilidondokea yanakimbia yasilowanishe kitu. Na bua lake limesimama wima, lenye afya. Akatazama huku, akatazama huku. Kila kitu bondeni kinaumwa, jani hili limenenepa. Limekaa gizani, limekaa kwenye maji, na halina habari.

Lilikuwa gimbi, wanangu. Magimbi haya haya mnayobaki mnayachokoa sahanini mkisema hamna njaa.

Watu wa bonde lile walilijua, lakini hawakulila. Wazee waliwahi kulichemsha juu juu, upesi upesi, likawawasha koo siku mbili, wakasema hiki ni chakula cha nguruwe mwitu. Hapo wakaachana nalo.

Sikudhani akawaza, nguruwe mwitu mbona wananenepa? Akang'oa shina moja, akalimenya, akalikata vipande, akatia chunguni. Maji yalipochemka akaonja. Likamuwasha, akatema. Hakulimwaga. Akaongeza kuni, akafunika chungu kwa jani lile lile, akaenda mlimani kutafuta uyoga, akimwacha Mboni amelala. Aliondoka jua lingekuwa la asubuhi, akarudi jua lingekuwa la alasiri.

Kufika nyumbani, chungu kimeipuliwa na moto umezimika. Hapana, niseme vizuri: moto ulizimika wenyewe, chungu kikapoa, na Mboni kakaa mbele yake, mdomo wote mweupe.

Moyo wa Sikudhani ukapiga. Akamshika mtoto kidevu.

"Mboni, umekula?"

"Nimekula."

"Koo linawasha?"

Mtoto akamtazama. Sikudhani akangoja alie, akangoja akohoe, akangoja avimbe ulimi.

"Mama," Mboni akasema, "naomba jingine."

Basi Sikudhani akala naye. Laini, tamu, halina muwasho wowote. Alikuwa amegundua kwamba kosa halikuwa la gimbi, lilikuwa la haraka ya wapishi. Akakaa pale chini akacheka peke yake, na hakuwa amecheka tangu mumewe afariki.

Kesho yake akaanza kazi. Hakutoa mbegu ya baba. Alichukua vichwa vya magimbi, ile sehemu ya juu yenye kipande cha bua, akachimba mashimo ya kina kwenye tope, akatia majani yaliyooza na samadi iliyobaki zizini, akapanda kichwa kimoja kila shimo, akakishindilia. Akachimba mifereji ili maji yapite pole pole yasituame. Majani yalipotoka, alikata yale ya nje tu kwa mboga, matatu ya ndani hakuyagusa. Kila mwezi akayavutia udongo shinani. Na siku zote, kutoka kilimani, zimwi likawa linamtazama mama anayechezea tope, likajua kwamba safari hii mtoto ni wake.

Shemdoe naye akaona. Akaweka mikono mdomoni.

"Shemeji, hicho ni chakula cha nguruwe. Marehemu kaka yangu angesema nini?"

"Marehemu kaka yako alipenda kula, shemeji. Angeuliza kitaiva lini."

Ukingoni juu watu wakacheka, na aliyechekwa hakuwa Sikudhani.

Miezi tisa ikapita. Bustani ikasimama majani kwa majani, mtu akiingia humo haonekani. Akang'oa, akamenya, akatia kwenye chungu cha zimwi lenyewe, ambacho safari iliyopita lilikiacha mlangoni, akapika kutwa nzima, hakuonja wala hakufunua.

Zimwi likashuka. Halikuchungulia chungu. Lilikwenda moja kwa moja kwa Mboni na mkono limeunyoosha.

"Tazama chungu kwanza," akasema Sikudhani.

Likafunua. Chungu kimejaa mpaka ukingoni.

Najua mnachowaza. Mnawaza, mbona asilipe zimwi magimbi mabichi likawashwa koo? Haya, liwashwe koo, liamke na hasira, na Mboni yuko pale mlangoni. Fikirini kabla ya kunong'ona.

Zimwi likala. Likala pole pole, kisha kwa haraka, kisha likaramba chungu mpaka ndani kabisa. Na hapo, badala ya Sikudhani kupumua, mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu zimwi lilipenda magimbi kuliko kitu chochote lilichowahi kumeza.

"Sihami tena hapa," likasema. "Mavuno yajayo naja na chungu mara mbili ya hiki. Jaza chungu, Sikudhani. Kisipojaa, nitajua cha kukijazia."

"Haiwezekani," akasema Sikudhani, na alisema kweli tupu. "Bustani imefika mwisho wa kivuli chako. Zaidi ya hapo ni jua, na magimbi haya juani yanasinyaa."

Zimwi likakuna kichwa. "Shida ni kivuli tu?"

"Ni kivuli tu."

Likapanda kilimani, likashika pembe moja ya kivuli, likavuta. Likavuta, likavuta, likavuta, mpaka kikafika kilima cha pili. Likakibana kwa jabali jipya.

Sikudhani akalima mpaka kilima cha pili. Na siku moja, akiwa amekaa kibarazani anasuka mkeka, akagundua jambo. Tangu zimwi lije, alikuwa anasukia karibu na moto ili aone miyaa, majani yake ya kusukia. Leo yuko kibarazani, na anaiona mmoja mmoja. Akainua uso, akakitazama kile kivuli juu yake.

Sikudhani alikuwa msuka mikeka, nimewaambia. Alijua mkeka ukivutwa kupita upana wake unafanyaje. Kwanza unakuwa mwepesi. Kisha unaonyesha matundu. Kisha hauna tena wa kuushona.

Hakumwambia mtu. Mavuno yakafika, zimwi likaja na chungu mara mbili, akakijaza.

"Mavuno yajayo, mara mbili ya hiki," likasema zimwi.

"Bustani imefika mwisho wa kivuli," akasema Sikudhani, na safari hii alikuwa anajua anachokisema.

Zimwi likapanda, likashika pembe, likavuta. Likavuta, likavuta, likavuta, mpaka kilima cha tatu. Kivuli kikalia kama mlango mkavu. Bondeni mwanga ukawa kama wa alfajiri, mtu anaweza kutafuta sindano akaipata.

Mavuno yale zimwi lilikuja na chungu kikubwa kama nyumba. Sikudhani alifukua mifereji yote, akang'oa kila kilichoiva, akapika siku tatu mfululizo. Chungu kikakaribia kujaa, lakini kikabakiza upana wa vidole vitatu.

Zimwi likavitazama vile vidole vitatu, likamtazama Mboni, ambaye sasa alikuwa binti wa kutumwa maji.

"Hakijajaa," likasema.

Sikudhani akajitia kati ya zimwi na mtoto.

"Hakijajaa kwa sababu yako. Huko mwisho, kilima cha nne, pana udongo mweusi kuliko wote, na hukunifikishia kivuli. Kifikishe leo, na nitakupa chungu hiki mara tatu kila mwaka. Au mle mtoto leo, ushibe mara moja, halafu utafute mwingine wa kukupikia, maana mimi sitapika tena."

Zimwi likawaza. Lilitaka mtoto, lilitaka magimbi, lilitaka yote mawili. Uchu wa magimbi ukashinda.

"Ningoje," likasema.

Likapanda. Watu wote wa ukingoni wakatoka kutazama, Shemdoe mbele yao. Zimwi likashika pembe, likavuta. Kivuli hakikusogea. Likaegemeza mguu kwenye jabali, likavuta. Kikasogea kidogo, kikalia.

"Bado," akaita Sikudhani kutoka bondeni. "Bado shubiri tatu."

Likakiuma kwa meno, likavuta kwa nguvu zake zote za uzimwi, nalo halikuwahi kufanya kazi maishani mwake.

Praaa!

Kivuli kikachanika kutoka kilima cha kwanza mpaka cha nne. Jua likamwagika bondeni kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Ukungu ukapaa. Kuta za nyumba zikaanza kufuka mvuke. Na zimwi, ambalo ukubwa wake wote ulikuwa kwenye kivuli, likaanza kusinyaa pale pale watu wakiona: likawa kama ng'ombe, likawa kama mbuzi, likawa kama kuku. Likalia, "Chungu changu, chungu changu," kwa sauti nyembamba. Likakimbia upande wa pili wa mlima likitafuta mahali penye giza pa kujificha, na kwa udogo ule nadhani mpaka leo linamkimbia mwewe.

Vipande vya kivuli vikaanguka. Kimoja kikaanguka kando ya chemchemi. Kingine kikaanguka chini ya migomba. Vingine vikatawanyika makorongoni na kwenye vijito. Ndiyo maana mpaka leo sehemu hizo zina ubaridi hata mchana wa kiangazi, na ndizo magimbi yanazozipenda. Bustani ya Sikudhani haikufa. Alihamisha vichwa vyake, akavipanda pale vivuli vilipoangukia, na vikashika.

Watu wakashuka kutoka ukingoni na mizigo yao. Wa kwanza kufika alikuwa Shemdoe. Amebeba kikapu kitupu, na macho yake ameyatupa chini.

"Shemeji, shikamoo."

"Shikamoo tena, shemeji? Tangu lini?"

"Tangu leo. Nimekuja kuomba vichwa viwili vitatu vya kile chakula."

"Kipi hicho?"

Shemdoe akameza mate. "Magimbi, shemeji."

Sikudhani akamjazia kikapu. Akamwambia: chimba kwa kina, tia majani yaliyooza, maji yapite yasikae, majani matatu ya ndani usiyaguse. Na ukipika, pika mpaka uchoke, halafu pika tena. Shemdoe akayarudia yote kwa sauti mbele ya watu, asije akasahau. Siku ile bonde zima lilikula kutoka chungu kilichokuwa kikubwa kama nyumba, wakashiba, wakaimba, wakambeba Sikudhani mabegani wakimzungusha chemchemi.

Katikati ya shangwe zile Mboni akaja mbio, akamshika mama yake nguo. Alikuwa anaogopa.

"Mama, kuna mtu mweusi amelala chini. Nikienda anakwenda, nikisimama anasimama. Ni zimwi limerudi?"

Sikudhani akashuka mabegani mwa watu. Akatazama chini pale mtoto alipoonyesha. Mwanawe alikuwa mdogo mno jua lilipofungwa. Alikuwa hajawahi kukiona.

"Hicho ni kivuli, mwanangu."

"Cha nani?"

"Chako. Na hakimnyimi mtu jua."

Mboni akainua mkono, kivuli kikainua mkono. Akaruka, kikaruka naye. Basi akaanza kukikimbiza bonde zima, akicheka, na mama yake akasimama akimwangalia mpaka jua lilipozama.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeishiwa na mate. Funzo lake ni hili: ukipewa shamba ambalo wengine wamelikimbia, usiling'ang'anizie mbegu ambayo linaikataa; chunguza kwanza linapenda nini, ulipe hicho. Na wewe uliyesema huna njaa, rudisha ile sahani.